Laptopu Inawaka, Kioo Giza: Hatua za Kufuata Kabla Hujanunua Kioo Kipya

Wateja wengi hufika kwa fundi wakiwa na jibu tayari: "Fundi, kioo kimekufa. Kipya shilingi ngapi?" Fundi mwenye njaa hatabishana. Kioo kipya kinafungwa, laptopu inawashwa, na giza liko pale pale, kwa sababu tatizo lilikuwa RAM (kibao cha kumbukumbu ya muda) iliyolegea au waya uliobanwa kwenye bawaba. Kioo kimeshalipiwa.

Mwongozo huu ni wa mwenye laptopu ya kawaida ya Windows, hasa zile HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizofanya kazi maofisini Ulaya, Marekani au Dubai kisha zikaja kuuzwa kwetu kama mtumba. Hatua za mwanzo hazitaki bisibisi wala pesa. Usiziruke hata kama una uhakika kioo kimekufa. Hasa ukiwa na uhakika.

Hatua ya 1: Jua ni giza la aina gani

Bonyeza kitufe cha kuwasha, kisha utulie. Usibonyeze tena na tena. Sikiliza feni, tazama taa ndogo pembeni na juu ya kibodi, subiri kama dakika moja na nusu. Halafu bonyeza Caps Lock mara kadhaa huku ukiangalia taa yake.

Kama hakuna taa yoyote wala feni, acha kukisema kioo. Hiyo ni shida ya umeme, nenda hatua ya 2. Kama taa na feni zipo lakini Caps Lock haiitikii, mashine imekwama kabla haijamaliza kujikagua, na washukiwa ni RAM, BIOS (programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows) au madabodi, yaani ubao mkuu. Kama Caps Lock inawaka na kuzima kila unapoibonyeza, au unasikia ule mlio wa Windows kufunguka, basi kompyuta yako ni nzima na inafanya kazi gizani. Kilichokatika ni njia ya picha. Na kama nembo ya HP au Dell inaonekana vizuri kisha giza linaingia baadaye, mara nyingi kioo hakina kosa. Hilo huwa la Windows, ruka hadi hatua ya 8.

Jaribio hili la Caps Lock ndilo linalogawa njia zote zinazofuata. Mtu akikupigia simu akilia kwamba laptopu imezima na kesho ana mtihani, muulize hilo kwanza.

Hatua ya 2: Umeme, na kuinyonya mashine chaji iliyobaki

Jaribu soketi nyingine bila ekstensheni. Ukiwa na multimita, pima ncha ya chaja: chaja nyingi za HP na Dell zinatoa volti 19.5, na za ThinkPad volti 20. Zile za USB-C usizipime hivyo, kwani huanza na volti 5 na kupanda pale tu zinapoelewana na kompyuta. Chaja za HP na Dell za mdomo wa duara zina pini nyembamba katikati ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa kompyuta. Ikipinda au kukatika, laptopu inaweza kukataa kuchaji ingawa volti zipo.

Kisha fanya hivi. Chomoa chaja na kila kilichochomekwa: flashi, kipanya, waya wa HDMI. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 30 bila kuachia. Rudisha chaja peke yake, bila betri kama imetoka, na uwashe. ThinkPad nyingi zenye betri ya ndani zina tundu dogo kwenye kifuniko cha chini. Chomoa chaja, ingiza pini ya karatasi taratibu na ubonyeze, subiri dakika moja, kisha urudishe chaja.

Watu hudharau hatua hii kwa sababu inaonekana kama uganga. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Ndani ya kila laptopu kuna kidhibiti kidogo kinachosimamia kitufe cha kuwasha, feni, betri na kibodi, nacho hakilali hata ukizima mashine. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinaweza kukwama, na hakitajikwamua mpaka kikose umeme kabisa.

Hatua ya 3: Tochi

Subiri usiku au funga mapazia. Washa laptopu, washa tochi ya simu, iegemeze karibu kabisa na kioo kwa pembeni, si kwa kuielekeza moja kwa moja, na uangalie kwa makini. Sogeza mwale taratibu kutoka kona moja hadi nyingine. Ukiona kivuli cha maandishi, ile saa kubwa ya kuingilia Windows, au alama ya betri, basi picha ipo ila taa ya nyuma ya kioo haiwaki.

Kwanza ongeza mwanga kwa vitufe vyenye alama ya jua, ukishikilia Fn kama kibodi yako inadai. Usicheke, kuna laptopu zinafika kwa fundi kwa sababu mtoto alipunguza mwanga hadi mwisho. Kama haisaidii, mshukiwa ni mstari wa umeme unaolisha taa hizo: kifyuzi kidogo sana kwenye madabodi karibu na mahali waya wa kioo unapochomekwa, au waya wenyewe, au taa za LED zilizo ndani ya kioo. Kifyuzi hicho ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu, na bei yake ni ndogo mno kuliko ya kioo. Mtajie mwenyewe akikague.

Kuna jambo jingine dogo linalosahaulika. Laptopu hujua kwamba umeifunga kwa sumaku iliyo kwenye kifuniko na kihisio kilicho karibu na kibodi. Kava ya simu yenye sumaku au bangili ya sumaku ikikaa juu ya sehemu ya kuwekea viganja, kioo huzimika kana kwamba umefunga. Ukiweka laptopu iliyo wazi juu ya nyingine iliyofungwa, sumaku ya ile ya chini inaweza kuilaza ya juu. Ondoa vitu vyote vya namna hiyo mezani kabla hujaendelea.

Hatua ya 4: Runinga ya sebuleni

Chomeka laptopu kwenye runinga au skrini nyingine ikiwa imezimwa, ndipo uiwashe. Angalia mdomo uliopo, maana EliteBook 840 kuanzia G1 hadi G4 hazina HDMI. Zina VGA na DisplayPort, na ThinkPad kama T440 na T450 zina VGA na DisplayPort ndogo. Utahitaji kiunganishi kidogo, na ni afadhali kukiazima kwa jirani kuliko kununua kioo kwa kubahatisha.

Picha isipotokea yenyewe, bonyeza Windows na P, kisha mshale wa chini mara moja, kisha Enter. Subiri sekunde chache. Ikishindikana rudia, kwa sababu kibonyezo cha kwanza huenda kiliishia kuamsha skrini tu.

Runinga ikionyesha picha safi, pumua. Kwa sehemu kubwa madabodi, RAM na diski yako viko salama, na unaweza kuhamisha mafaili yako sasa hivi, kabla ya lolote. Runinga ikionyesha michirizi ile ile iliyoko kwenye kioo, chipu ya picha ndiyo mgonjwa. Runinga nayo ikiwa giza na Caps Lock haiitikii, nenda hatua ya 5.

Kwa wale walioona picha safi kwenye runinga, kazi iliyobaki ni kutofautisha kioo na waya wake. Shika kifuniko kwa mikono miwili, kifunge polepole hadi kikaribie kibodi, kisha kifungue polepole hadi nyuma kabisa, macho yakiwa kwenye kioo. Picha ikitokea ghafla kwenye pembe fulani, hata kwa kumweka mara moja, waya ndio wenye tatizo. Waya huo ni bapa au kifurushi cha nyuzi nyembamba kama nywele, unapita ndani ya bawaba na kukunjwa kila unapofungua na kufunga, miaka nenda miaka rudi. Bawaba ikilegea au plastiki yake ikipasuka, inaanza kuung'ata. Fundi akifungua huwa anaona pale pale: ganda jeusi limechubuka, nyuzi moja mbili zimekatika, na mara nyingine alama ya kuungua. Hata MacBook Pro za 2016 zilipatwa na jambo hili, na Mei 2019 Apple ilitangaza kutengeneza bure zile za inchi 13 ambazo taa ya nyuma ilikuwa inazimika au kutoa mwanga wa vipande vipande chini ya kioo.

Mwenye Dell ana bahati. Zima mashine, shikilia kitufe cha D kwenye kibodi, washa huku ukiendelea kushikilia. Dell nyingi zitapitisha rangi kioo kizima: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Rangi zikipita bila doa, kioo na waya ni vizima na hupaswi kumlipa mtu yeyote kwa ajili ya kioo.

Hatua ya 5: Soma taa zinazomweka

Laptopu iliyokwama kabla ya kuonyesha picha mara nyingi inasema inaumwa wapi, kwa taa. Irekodi kwa video ya simu, kisha hesabu ukiwa umekaa. Kwa macho matupu watu hupotea hesabu.

Kwenye HP za zamani kidogo, taa ya Caps Lock humweka idadi fulani, inatulia, inarudia: mara 2 ni BIOS, 3 ni RAM, 4 ni chipu ya picha, 5 ni madabodi. HP mpya zaidi humweka kwa rangi mbili, nyekundu ndefu halafu nyeupe fupi. Nyekundu 3 na nyeupe 2 inaelekeza kwenye RAM, nyekundu 3 na nyeupe 3 kwenye picha, nyekundu 2 na nyeupe 2 kwenye BIOS iliyoharibika. Dell hutumia taa ya betri, rangi ya chungwa kisha nyeupe: 2 na 1 ni prosesa, 2 na 3 ina maana haioni RAM kabisa, 2 na 4 RAM ipo lakini ni mbovu, 2 na 7 ni kioo. Kwa modeli nyingine tafuta jina kamili la laptopu yako pamoja na idadi uliyohesabu.

Hatua ya 6: RAM

Kwa laptopu ambayo taa zinawaka na Caps Lock haiitikii, hapa ndipo ningeweka dau langu, na kwa wakazi wa Tanga, Mombasa, Unguja na mwambao wote ningeweka dau kubwa zaidi. Unyevunyevu na hewa ya chumvi hufubaza meno ya RAM hadi umeme ukose kupita vizuri.

Zima, chomoa chaja. Gusa chuma kikavu kwanza ili umeme tuli utoke mwilini, na usifanyie kazi kwenye zulia. Fungua skrubu za chini na uzipange kwenye karatasi kwa mpangilio ule ule ulivyozitoa, kwa kuwa hazilingani urefu na skrubu ndefu ikiingia mahali pa fupi hutoboa. Pandisha kifuniko kwa kadi ya plastiki, si kwa bisibisi. Kitu cha kwanza kugusa ndani ni waya wa betri: uchomoe kwenye madabodi kabla ya kingine chochote. Kisha shikilia kitufe cha kuwasha sekunde chache.

RAM ni kibao chembamba kilicholala, kimeshikwa na vibano viwili vya chuma pembeni. Sukuma vibano nje kwa kucha za vidole gumba. Kibao kitanyanyuka chenyewe kwa mshazari. Kivute kwa mshazari huo huo. Angalia meno ya dhahabu yaliyo ukingoni: yakiwa na ukungu wa kahawia au madoa, umempata mwizi. Sugua taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, pande zote mbili, ukielekea nje ya kibao, kisha pangusa vumbi la ufutio kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Safisha mdomo wa soketi kwa brashi laini au kipulizio cha mkono. Usipulize kwa kinywa, mate yanaingia.

Ukirudisha, kiingize kwa mshazari hadi meno ya dhahabu yakaribie kufichika kabisa, ndipo ukilaze mpaka vibano vilie "tak". Kama vipo viwili, rudisha kimoja tu, rudisha waya wa betri, washa. Ikigoma, kihamishe soketi ya pili. Kisha jaribu kile kingine. Soketi mbovu na kibao kibovu hutoa dalili moja, na njia ya kuzitenganisha ni hii ya kubadilishana. Kila unapobadilisha, zima na uchomoe betri upya.

Laptopu za karibuni zenye RAM ya aina ya DDR5 zinaweza kukaa giza dakika kadhaa baada ya RAM kuguswa, zikijipima upya. Ziache zimalize. Na kama yako ni nyembamba sana huenda RAM imechomelewa kwenye madabodi, funga, endelea.

Hatua ya 7: BIOS

Simama kwanza. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaoficha data kwa ufunguo wa siri, na laptopu nyingi za ofisini au za Windows 11 zimefungwa bila mwenyewe kujua, kuchezea BIOS kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, au umuulize mtu wa kompyuta wa kazini, kabla hujagusa.

Betri ya sarafu, CR2032 yenye volti 3, ikiwepo karibu na RAM itoe kwa dakika tano waya wa betri kuu ukiwa umechomolewa, kisha irudishe. Modeli nyingine hazina kabisa.

HP nyingi zina nakala ya akiba ya BIOS. Chaja ikiwa imechomekwa na mashine imezimwa, shikilia Windows na B, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde mbili tatu, achia kitufe hicho lakini endelea kushika vile viwili mpaka usikie mlio au uone maandishi. Dell nyingi hutumia Ctrl na Esc: shikilia vyote viwili, chomeka chaja, na uachie ukurasa wa kurejesha BIOS ukitokea. Zoezi likianza, usizime wala kufungua chochote, hata kama dakika zinakwenda.

Zikikataa zote, inabidi fundi aisome chipu ya BIOS, ile yenye miguu minane, kwa kifaa cha kuandikia. Mwambie ahifadhi nakala ya kilichomo kabla hajaandika kipya, maana humo mna namba ya utambulisho ya mashine yako na mara nyingi leseni ya Windows.

Hatua ya 8: Nembo inaonekana, kisha giza

Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva ya picha itaanza upya na huenda ukasikia mlio mfupi. Kama kuna mshale wa kipanya peke yake gizani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc ili Task Manager ifunguke, fungua kazi mpya (Run new task) na uandike explorer.exe.

Isiposaidia, washa, na mara duara la Windows linapoanza kuzunguka zima kwa kushikilia kitufe. Rudia hadi mara tatu. Windows itafungua ukurasa wa bluu wa matengenezo. Pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, na ubonyeze 4 uingie hali salama. Ukiingia, ondoa draiva ya picha au sasisho la karibuni. Hapa pia ufunguo wa BitLocker unaweza kudaiwa.

Ukifika kwa fundi

Laptopu iliyomwagikiwa chai au maji isiwashwe kujaribu chochote kati ya haya. Chomoa, geuza kifudifudi, ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa. Mchele hauondoi sukari ya chai kwenye madabodi.

Diski ikiwa inatoka, iwe ya SATA au ile ya M.2 inayofanana na kibao, itoe ubaki nayo nyumbani. Fundi wa kioo haihitaji, BIOS ikifunguka inatosha.

Akikwambia atachoma chipu ya picha kwa hewa ya moto, uliza dhamana ni ya muda gani. Tatizo la chipu hizo kuachia lina historia: Julai 2008 NVIDIA, watengenezaji wa chipu za picha, ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa. Kuichoma kunaweza kuirudisha kwa siku au wiki, mara chache zaidi. Ni njia nzuri ya kuokoa mafaili na mbaya ya kununulia muda. Fundi anayetoa dhamana ya wiki moja amekwambia ukweli bila kutaka.

Na kama vipimo vyote vimethibitisha ni kioo, soma namba iliyo mgongoni mwa kile cha zamani, sio jina la laptopu pekee. Modeli moja inaweza kuwa ilitoka na vioo vitatu tofauti. Linganisha inchi, pikseli, idadi ya pini, 30 au 40, upande uliko mdomo wa waya, na kama ni cha kugusa. Hakikisha fundi anachomoa betri kabla ya kuchomeka waya wa kioo kipya. Akichomeka kukiwa na umeme, kile kifyuzi cha hatua ya 3 kinaweza kuungua hapo hapo. Aiwashe kioo kikiwa bado kimeegemezwa tu, akifungue na kukifunga mbele yako, ukitazama kwenye mandhari nyeupe halafu nyeusi. Baada ya hapo ndipo abandike gundi na kurudisha skrubu, na kile kioo cha zamani udai uondoke nacho.